Neno Lililoitaka Nyumba ya Mama

Watu huniambia marehemu hasemwi vibaya. Mimi nitamsema. Ami yangu, kaka mkubwa wa baba, alitaka kumtoa mama katika nyumba yake mwenyewe kwa neno moja la Kiingereza. Ilikuwa miaka ya hamsini, Amu mjini, ndiyo Lamu. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nimeshavishwa buibui, nimeshakatazwa kuzurura, na neno lile nililijua mimi kabla ya mwanamume yeyote wa ukoo wetu aliyebaki hai, ukimtoa yeye. Nalisema hilo bila haya.

Kwetu binti akiolewa wazazi wake humpa nyumba, na mume ndiye anayehamia. Babu alimpa mama ile nyumba ya mawe siku ya arusi yake, na baba akaingia na sanduku moja la nguo na vitabu. Baba alikuwa karani wa forodha. Alipenda kusema kwamba yeye ni mgeni wa mama, na mama hachoki kulicheka hilo. Sisi wasichana tulisoma chuoni, Kurani basi, lakini baba akirudi kazini alinifundisha Kimombo kidogo kidogo, mlango umefungwa, kwa kuwa ami angemletea kero. Sikuwa hodari. Nilijua maneno ya kawaida: nyumba, samaki, mfalme, kesho.

Baba alipofariki mama akakaa eda. Miezi minne na siku kumi, hatoki, haonani na mwanamume asiye maharimu wake. Ami alikuwa akikaa mtaa wa Wiyoni, na akija kwetu huzungumza na mama kupitia pazia. Mwezi wa pili alikuja na karatasi iliyopigwa taipu.

"Shemegi, hini ni karatasi ya radhi," alisema. "Serikali siku hizi yataka kulla jambo liandikwe. Mumuwie radhi marehemu, kaburi lake liwe yepesi. Wino nimeusahau. Nitakuya Ijumaa, mtie kidole."

Asiyezaliwa kwetu hawezi kujua maneno hayo yalivyomshika mama. Mtu akifa, kabla jeneza halijanyanyuliwa, watu huulizwa kama wamemuwia radhi, yaani wamemsamehe, na mke ndiye wa kwanza kutazamwa. Mama alikuwa ameshamuwia radhi mumewe siku ile ile, huku akilia. Sasa anaambiwa inatakiwa radhi ya pili, ya maandishi, na radhi ya maiti haicheleweshwi. Hakuuliza serikali inahusikaje na kaburi la Mwislamu. Angetia kidole papo hapo kama wino ungekuwapo. Karatasi ami akaiacha kwetu, kwa dharau tu: nyumba ya wanawake wawili, nani ataisoma?

Nikaisoma. Nikaona neno house, ambalo nalijua. Radhi ya maiti inaingiaje na nyumba? Na kabla ya house palikuwa na neno refu nisilolijua: relinquish.

Nikafungua sanduku la baba, nikatoa kamusi yake. Maelezo yalikuwa mafupi, give up, na yalinitia uchungu. Give nalijua, ni kupa. Up nalijua, ni juu. Kupa juu! Nikafikiri labda mama anaongezewa ghorofa. Nilikaa sakafuni nikalia, maana baba angekuwapo angenieleza kwa dakika moja kisha anicheke. Nikafuta machozi, nikaanza tena. Kila neno nisilolijua nililitafuta, na katika maelezo yake nikakuta jingine, nikalitafuta nalo. Chakula cha mchana kiliungua jikoni na nikatukanwa.

Kilichoniokoa ni mifano miwili ya chini. Mmoja ulikuwa wa mfalme na kiti chake cha enzi, wa pili wa mtu na kamba iliyomo mkononi mwake. Mtu ana kamba, kisha hana, na hakunyang'anywa. Ameiachia mwenyewe. Nikatunga na mifano yangu, kwa penseli ya baba, nyuma ya kamusi yake: paka na samaki, paka na samaki, mpaka nikawa na hakika. Alhamisi alasiri nilijua mambo mawili. Neno lile maana yake ni kukiachia kitu kwa hiari, usirudi kukidai tena. Na hutumiwa kwa kitu ulichonacho. Paka asiye na samaki hana cha kuachia.

Nikamwambia mama. Hakutaka kusikia.

"Usimdhanie ami yako uovu. Ni ndugu ya babako."

"Mama, radhi haimo humu. Nimeitafuta. Hamna kaburi, hamna msamaha, hata ina la Mngu hamna. Mna nyumba."

Akaichukua karatasi akaitazama, kisha akanirudishia. Usiku ule sikujua atafanya nini, na nilimwogopea.

Ijumaa, baada ya sala, ami akaja na kikopo cha wino wa muhuri. Akaniambia nimpitishie mama chini ya pazia. Sikukipokea.

"Ami," nikasema, "neno hili hutumiwa na mtu mwenye kuachia kitu chake. Karatasi yako yenyewe yakubali kuwa nyumba ni ya mama. Lau ingekuwa ya baba, kidole cha mama ni cha nini?"

Alinitazama kama aliyemwagiwa maji.

"Nani aliyekufunda Kizungu?"

"Ndugu yako."

"Basi alikuharibu. Kwa ulimi huo hutapata mume."

"Nitakaa hapa. Nyumba iko."

Akaligeukia pazia. "Shemegi, mwanao yuwaniita mrongo."

Mama maishani mwake hakuwahi kumpinga mwanamume wa upande wa mumewe, na akiugusa wino ule, eda ikiisha hatuna pa kulala.

"Radhi yangu mume wangu yu nayo," alisema mama kutoka ndani, polepole. "Nyumba sikupi. Mwanangu, niandikia hapo tini, kwa Kizungu chao, kuwa siiwati."

Nikachukua kalamu ya baba, nikaandika: I do not relinquish my house, yaani siiachii nyumba yangu. Herufi zilienda upande, lakini neno nililipatia.

Ami akacheka kwa pua. "Andikani mtakavyo. Pasipo kidole cha mwenyewe ni takataka." Akakisukuma kikopo cha wino kwa ncha ya bakora mpaka kikagusa pazia.

Makarani wote walikuwa wakimwandika mama kuwa hajui kusoma, kwa sababu herufi za Kizungu hakuzijua. Mama yangu, aliyekuwa akimwandikia dada yake wa Kiunga barua za kurasa nne kwa herufi za Kiarabu, tena kwa mashairi! Mkono wake ukatoka chini ya pazia, ukakisogeza kando kikopo cha wino, ukanipokonya kalamu. Akaandika jina lake, la babake na la babuye, kutoka kulia kuja kushoto, mpaka likafika kwenye sentensi yangu na kuigusa.