Jicho la Kivuva na Kalibu ya Plasta

Kivuva wa Mwingi ana jicho moja. Lile la kushoto lilitobolewa na kipande cha chuma alipokuwa fundi wa malori, na tangu siku hiyo mtu huyu, asiyeogopa nyoka wala chifu, huliogopea lililobaki hata kwa moshi wa jikoni.

Hata hivyo, hakuacha mchezo wake wa uzeeni: kuunda injini ndogo za kukaa kiganjani, zinazonguruma bila kuvuta chochote. Haziuzi. Kwa miaka alichonga umbo la mbao, akalikandamiza katika mchanga wa mto, akalitoa, kisha akachungulia ndani ya kalibu, lile tundu lililobaki mchangani, kabla ya kumimina aluminiamu ya pistoni kuukuu. Akiliona shimo safi, roho ilitulia.

Ndipo akaja Ladan, binti wa mfanyabiashara wa mbuzi, na mashine yake ya kuchapa maumbo kwa plastiki. Alichapa kasha la injini lenye vitundu ambavyo kisu cha Kivuva kisingeviweza kamwe. Lakini umbo hili halitolewi. Hufunikwa kwa plasta, likachomwa humohumo hadi liishe, na chuma kikamiminwa gizani. Giza hilo lilimkosesha Kivuva usingizi.

Siku ya kumimina, mkewe Kanyiva alinyunyiza maji kwenye sakafu ya udongo ya karakana, akafagia, kwa kuwa Ladan anakuja, naye ni mgeni. Kivuva akaiweka pale chini kalibu iliyokwisha kuchomwa na kupoa, akaenda kuyeyusha chuma. Mchanga wake wa zamani ulikuwa na unyevu siku zote bila neno, basi hakufikiria kitu. Plasta kavu ikayanywa yale maji.

Aliinua chungu cha chuma kilichoyeyuka, akakirudisha chini mara mbili. Ladan aliomba ammiminie. Kivuva akaona haya, akakataa. Chuma kilipoanza kuingia, akapandisha miwani yake ya kinga iliyochakaa ili achungulie shimo, mazoea tu. Yale maji ndani ya plasta yakawa mvuke usio na pa kutokea, na kalibu ikalipuka.

Alijikuta chini, uso unawaka, kiganja juu ya jicho. Ladan alikimbilia maji na gari la babake. Kanyiva alipiga magoti.

“Fungua, Baba Nyamai. Tuone.”

Kivuva alikaza kope kwa nguvu zake zote. Maishani mwake hakuwahi kuogopa hivi.

“Ngoja kidogo, Kanyiva,” alisema. “Saa hii bado mimi si kipofu.”