Dagaa Mmoja kwa Kila Nanosekunde

Naona aibu mpaka leo, na msingenichokoza nisingesimulia, lakini ukweli ni kwamba niliwahi kukosea mara milioni kumi mbele ya darasa zima, msimamizi wangu akiwa ameketi dawati la nyuma na kalamu mkononi.

Nilikuwa mwanachuo wa ualimu, niko kwenye mazoezi ya kufundisha fizikia kidato cha kwanza, sekondari moja huko Kiseke. Siku hiyo ndiyo ya kutathminiwa. Nikifeli narudia mwaka, na mama kule Sengerema alishawatangazia majirani wote kwamba mwanawe ni mwalimu (cheti chenyewe sijakiona hata kwa mbali). Msimamizi wetu, Madam Koku, mama wa Kihaya asiyecheka ovyo, alipenda tutumie zana zinazopatikana kwenye mazingira yetu. Basi nikanunua dagaa wakavu, nikakaa mkekani nikawahesabu elfu moja, nikawatia kwenye ndoo ndogo.

Somo lilianza vizuri, jamani. Dagaa mmoja ni nanosekunde, ndoo nzima ni mikrosekunde, ndoo elfu moja ni milisekunde, na ndoo milioni moja ndiyo sekunde yenyewe. Ningeishia hapo. Lakini nikaona wengine wanasinzia (walikuwa wametoka kunywa uji), nikaamua kuwachangamsha, kitu ambacho hakikuwepo kwenye andalio la somo: nikapiga kofi moja, pa! "Hiyo ndiyo nanosekunde! Haya, na nyinyi pigeni!" Wakapiga, wakanogewa, kila aliyejibu swali nikasema apigiwe makofi ya nanosekunde tatu, darasa la jirani wakaanza kuchungulia madirishani, mkuu wa shule akaja kuona kuna sherehe gani, na mimi kwa kiherehere changu nikamkaribisha kwa makofi ya nanosekunde kumi.

Ndipo Madam Koku akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Samahani mwalimu, kofi moja ni dagaa wangapi?"

"Mmoja, Madam."

"Una uhakika?"

"Asilimia mia!"

Akaja ubaoni taratibu, akaomba chaki. Akasema tukadirie tu kwamba kofi linachukua sehemu moja ya mia ya sekunde. Sekunde ni ndoo milioni moja, gawanya kwa mia, zinabaki ndoo elfu kumi, na kila ndoo ina dagaa elfu moja. Neema, binti wa dawati la mbele aliyekuwa akinakili kila kitu, akauliza bila ubaya wowote:

"Mwalimu, kwa hiyo umekosea mara milioni kumi?"

Mkuu wa shule alitoka nje akacheka huko, na nilimsikia vizuri tu. Mimi nilibaki nimeshika ndoo yangu, natamani ardhi ipasuke.

Kule ofisini nikajikuta nasema, "Shikamoo Madam," wakati nilishamwamkia asubuhi.

"Marahaba. Zana yako nimeipenda, baba. Ila kosa lako lina sifuri saba."

Akanipa wiki moja nifundishe upya mada ileile, kwa wanafunzi walewale, na nianze kwa kukiri kosa mbele yao. Nilikiri, nikapita kwa alama ya chini kuliko wote. Tangu hapo sitaji kipimo chochote mbele za watu kabla sijahesabu sifuri kwa kalamu, na mke wangu akiniuliza wali utaiva saa ngapi, namwambia aangalie mwenyewe.