Blauzi ya Shangazi Rispa

Juzi nilikuwa Dagoretti Corner nikibishana na muuza nguo juu ya sweta yenye tundu. Yeye alisema ni moja, mimi nikahesabu mawili, nikarudia, yakawa matatu. Jirani yake akapitisha pasi juu ya kitambaa cha jezi, ile sufu ya kufumwa inayovutika, kilicholowa, na harufu ile ya kondoo aliyenyeshewa ikanifunga mdomo. Muuzaji akadhani ameshinda.

Mimi nilikuwa nimerudi Parklands, nina miaka tisa, kwenye vyumba vya watumishi nyuma ya nyumba alikopika baba. Kwetu ni upande wa magharibi, na mjini tulikaa kwa sababu moja: baba alikuwa na kazi, nayo imeandikwa kwenye karatasi zake. Miaka hiyo ya hamsini, ukikosa kazi ulikosa na Nairobi. Dadake baba, Shangazi Rispa, alikuwa yaya barabara mbili kutoka kwetu.

Niwaambie nyinyi mapema jambo ambalo mimi niliambiwa kwa kuchelewa. Shangazi alikuwa na mimba ya miezi saba, na mume hakuwapo. Mama yangu, ambaye ni wifi yake, alikuwa amepanga naye kila kitu. Waajiri wa Shangazi wangekwenda Mombasa mwezi wa Agosti. Angejifungua wakati huo, hospitali ikiwa karibu, mtoto abaki kwetu, naye arudi kazini kama mtu aliyetoka likizo. Zilibaki wiki sita za kuficha tumbo, na baridi ya Julai ilimpa kisingizio cha kuvaa kitu kizito juu ya sare.

Basi Mama akaazima karatasi za kukatia nguo kutoka nyumba kubwa, nyembamba kama maganda ya kitunguu. Vipande vilikuwa vitatu, mbele, nyuma na mkono, maana mkono hukatwa mara mbili. Zilikuwa za blauzi ndefu, pana, ya kuning'inia mpaka mapajani. Kitambaa kilikuwa jezi ya buluu iliyoiva, na Mama alikivuta huku na huku kabla ya kukikata, ili upande unaovutika zaidi uzunguke mwili. Nilishika pini, nikamtazama Shangazi akipimwa.

"Mama, hii ni ya watu wawili," nikasema.

"Wacha nafasi ikae," Mama akajibu, midomo imebana pini. "Vidole vinne kila upande."

"Nafasi ya nini?"

"Ya hewa."

"Ya ugali ya ndugu yangu!" Shangazi akadakia, akacheka mpaka akajishika kiuno. "Wewe Kezia, unanihesabia matonge?"

Mama hakucheka.

Jumapili mchana Mama alikwenda mkutano wa akina mama kanisani. Blauzi ilikuwa tayari, imekunjwa juu ya cherehani. Niliitandaza juu ya gauni la zamani la Shangazi, nikapima, nikapima tena. Ilizidi sana. Na Shangazi, lazima mjue, alikuwa mtu wa kufunga mkanda mpaka ukajiuliza chakula kinapita wapi. Nikaona aibu kwa niaba yake, avalishwe gunia mbele ya mayaya wa Parklands! Nikaigeuza ndani nje, nikatia pini, nikashona mbavu zote mbili upya, nikikivuta kitambaa kidogo kama nilivyofundishwa ili uzi usikatike. Kufikia hapo kosa bado lingefumuliwa. Lakini Mama alinifundisha pia kwamba fundi safi haachi mapindo mazito ndani. Nikachukua mkasi, nikakata. Mabaki nilimshonea mwanasesere wangu, naye akapendeza.

Shangazi alipitia jioni mbiombio, akaibeba bila kuijaribu.

Ingekuwa kitambaa kigumu, ingekataa kuingia, na kukataa huko kungemwokoa. Jezi haikatai mtu. Jumatatu asubuhi ilimpokea, ikavutika, ikaonyesha kila kilichokuwapo. Alimwambia Mama kwamba alidhani tumbo ndilo limekua, hakufikiri nguo imepungua. Sare ilikuwa imeshakataa vifungo, hakuwa na kingine cha kuvaa, na mtoto wa watu alikuwa analia ndani. Akaingia. Alipoinuka na mtoto mikononi, mwenye nyumba alikuwa mlangoni.

Kabla ya saa sita Shangazi alikuwa kwetu na sanduku lake, amefukuzwa. Mama akaupindua mshono wa ubavuni, akaupitisha ukucha. Mishono yake ilikuwa mirefu. Hii ilikuwa mifupi, ya mtoto mwenye bidii.

"Nani alikuambia ukate?" akanigeukia. "Nani?"

"Muache, wifi," Shangazi akasema. "Ukimchapa, nguo itarudi?"

Wiki hiyohiyo tulimsindikiza kwenye treni ya kwenda kwao. Pale stesheni alinishika kidevu. "Kezia, nimeangalia hiyo mshono yako. Imenyooka. Wewe utakuwa fundi."

Agosti ikaja barua ya babu, mistari mitano. Uchungu ulimshika mbali na hospitali, wakawa wanambeba njiani. Walizikwa pamoja, yeye na mtoto. Mimi niliambiwa ni homa.

Mama alinieleza yote siku nilipomwambia natarajia mtoto wangu wa kwanza. Alieleza akinipa mgongo, akichambua mboga ambazo zilikuwa zimekwisha kuchambuliwa. Nikamwuliza kama Shangazi alijua kwamba ni mkasi wangu uliomfukuzisha kazi.

"Alijua tangu nilipoupindua ule mshono."

Kwa hiyo pale stesheni, kazi imekwenda, mji umekwenda, Shangazi alitafuta kitu cha kumwambia mtoto aliyemfikisha hapo, akapata neno moja la kweli lisiloniumiza. Nami nikatembea nalo miaka kumi na miwili, nikijisifu.