Poda Iliyomwagwa Mapema

Jamani, mkasa huu nimeuficha miaka, na hata sasa nikiusimulia masikio yananiwaka moto, lakini kwa kuwa mmeshanicheka kwa mengine, chekeni na hili.

Ilikuwa miaka ya tisini, Brussels, kwenye chuo kikuu kimoja cha zamani sana (ngazi zake za mawe zimelika katikati kwa nyayo za wasomi), mimi kijana wa Bukavu nasoma programu iliyochanganya udaktari, sheria na uchumi, na utafiti wangu ulihusu maji ya kunywa ya mji wetu. Siku ya kuutetea nilisimama mbele ya maprofesa watatu, kila mmoja na fani yake, na shirika moja la maji lilikuwa limeniahidi kazi mara tu nitakapopata diploma. Wageni waliruhusiwa kusikiliza, nami nikamwalika Maman Furaha, mwenye duka la vitenge pale barabara ya Chaussée de Wavre, aliyenilisha tangu nifike, naye akaja na nusu ya kwaya ya kanisa.

Nilijibu maswali hadi koo likakauka. Mwenyekiti wa jopo akanipa mkono, akatabasamu, wakatoka wote watatu kwenda chumba cha pili kushauriana. Maman Furaha akainuka, akatoa kopo la poda mkobani. (Kwetu aliyefaulu humwagiwa poda kichwani, mtaa mzima ujue.)

"Alors, mutoto yangu, tuanze?"

Hapo ndipo nilipaswa kusema subiri kidogo, bado hawajatamka. Lakini kwaya nzima inanitazama, na mimi nionekane mwoga? Nikasema, "Anza tu, maman."

Looh! Kopo zima! Vigelegele vikapasua dari, mama mwingine akatoa kopo la pili, poda imeniingia hadi ndani ya kola, nacheza, na kumbe projekta tuliisahau inawaka, feni yake inapuliza poda yote kwenye viti vya maprofesa, na sisi hatuna habari, tunaimba tu.

Mlango ukafunguliwa. Wimbo ukakatika. Maprofesa wakakaa (na zile suti nyeusi!), mwenyekiti akasema taratibu, "Bwana, hatujakubaliana. Tumerudi kukuuliza swali moja."

Yule wa sheria akauliza maji ya ziwa ni mali ya nani, jibu nililijua tangu mwaka wa kwanza, lakini nilipofungua mdomo poda ikanishuka kooni, nikakohoa, yeye akapiga chafya, nikakohoa tena, na nilichosema hapo katikati sikijui hadi leo. Wakatoka, makalio meupe kama ya waoka mikate, na hakuna aliyethubutu kucheka. Waliporudi, hukumu ilikuwa fupi: nijaribu tena Septemba.

"Donc... haukupita?" Maman Furaha akaninong'oneza. "Na poudre yote hii?"

Kazi akapewa mwingine. Septemba nilikwenda peke yangu kwa aibu, nikafaulu, nikatoka kwenye korido tupu bila hata mtu wa kunishika mkono, na iliniuma kuliko nilivyotegemea. Nikaenda moja kwa moja dukani.

"Maman, nimepita kweli. Nimwagie."

Akanitazama kwa huruma. "Poudre? Nilisha mwaga yote siku ile. Ikala, ukule," akanivutia kiti, akanipakulia chakula.

Tangu hapo sisherehekei kitu mpaka kitamkwe. Hata mke wangu aliponikubali, nilimwomba arudie.