Chai ya Mama Nyaboke
Naungama mwenyewe, kabla hamjasimuliwa na watu wa Nyakoe. Nikiwa mwalimu mwenye umri wa miaka arobaini na tisa, nilianza kulowa jasho kila saa nne, nikishakunywa chai ya shule. Nikamshuku mpishi wetu, Mama Nyaboke, kwamba ananitilia dawa, kwa kuwa tuliwahi kugombana juu ya kuni. Siku moja nilibadilisha kikombe changu na cha mwalimu mkuu kwa siri. Yeye alibaki mkavu, mimi nikalowa. Nikajua dawa ile imetengenezwa kwa jina langu!

Jumatatu nikasimama mbele ya walimu wote, jasho likinitiririka. "Mama Nyaboke, umenitilia nini kwenye chai?"

Akachukua kikombe changu, akainywa chai yote. Kisha akauliza kwa sauti ile ya kuwaita watoto kula, "Mwalimu, damu ya mwezi uliiona mwisho lini?"

Nikajibu kabla sijafikiri, "Miezi saba iliyopita!"

"Basi ni umri. Mimi joto lake lilinichoma miaka miwili. Chai iache ipoe, sweta ya sufu ibaki nyumbani, maji baridi yawe karibu."

Mwalimu mkuu akainuka, akafungua dirisha bila kunitazama.