Pole kwa Kiingereza

Ngazi za jengo letu la Flemingdon Park, huku ughaibuni, zilinuka vitunguu vya kukaanga, dawa ya kudekia na, majira yale ya baridi, buti zilizolowa theluji. Lifti ilikuwa imekufa wiki nyingi, kwa hiyo wa ghorofa ya tatu na wa ya kumi na nne sote tulikutana ngazini tukihema. Nilikuwa na miaka kumi. Mama yangu alikuwa mbunge katika bunge la mkoa, tena kiongozi wa chama chake, chama kidogo ambacho wabunge wake wote wangeenea kwenye gari moja la familia. Alianza kama katibu wa wapangaji wa jengo hilohilo, akagombea mara mbili akaanguka, ya tatu akapita. Majirani walimwita Mheshimiwa, nusu kwa heshima, nusu kwa utani, maana Mheshimiwa naye alipanda na mifuko yake ya sokoni kama sisi.

Chama kidogo hakiamui kitu bungeni, kinabembeleza. Mwaka ule Mama alikuwa na mswada wa kuwalazimisha wenye majengo kutengeneza lifti upesi. Serikali ikamwomba ausogeze hadi kikao kijacho, nayo ingemuunga mkono katika zahanati aliyoipigania miaka mingi. Akakubali. Siku hiyo alirudi akiimba, tukala chapati katikati ya wiki.

Haukupita mwezi, Mzee Sudi wa ghorofa ya kumi na nne akapatwa na shambulio la moyo. Watu wa ambulansi walipanda kwa miguu, na walipofika alikuwa ameshakata roho. Walimteremsha kwa machela, kona baada ya kona, nasi watoto tukajibana ukutani kuwapisha. Mpaka leo nikisikia buti zikishuka ngazi, najibana ukutani.

Kesho yake waandishi wa habari walijaa mlangoni pa jengo. Mama alikuwa mezani na karatasi ya rambirambi aliyoandikiwa na wasaidizi wake. Akaisoma kwa sauti, akakunja uso.

"Haina moyo hii. Wewe ndiye mwenye Kiingereza. Pole wanasemaje, pole ya kweli?"

Nilikuwa natazama katuni. Sikugeuka hata shingo. "Just say sorry, Mama."

Akashuka, akamshika mkono Bi Mwanaidi, mjane wa marehemu, akasema mbele ya kamera kwamba yeye ni sorry, sorry sana. Sisi tuna pole ya kumpa aliyefikwa na jambo, hata kama hukuhusika nalo, na tuna samahani ya mkosaji. Kiingereza kimezitia zote mbili katika neno moja. Jioni taarifa ya habari ikasema kiongozi amekiri kosa. Wapinzani wakaufukua ule mswada uliosogezwa, na chama chake chenyewe kikamtaka aachie uongozi. Uchaguzi uliofuata akapoteza na kiti. Zahanati haikujengwa.

Nyumbani tulikuwa na utetezi mmoja: walimwelewa vibaya, alikuwa anatoa pole tu. Mashangazi waliurudia kila Idi, na Mama hakuwahi kuongeza neno. Mimi nilikuwa nikiondoka mezani, maana nilijua nani aliyempa neno lile. Labda ndiyo sababu leo ni mkalimani hospitalini, na bado naogopa kila sentensi.

Mama hajahama. Jengo limepakwa rangi, lifti mpya ina kioo, na mwezi uliopita ikafa. Nilikuwa nimekuja kumtembelea, tukapanda kwa miguu, tukapumzika ghorofa ya sita, yeye ameketi ngazini, mifuko miguuni. Hapo nikamwambia, kwa Kiswahili, "Samahani, Mama. Lile neno nilikupa mimi."

Akangoja pumzi imrudie. "Neno lilikuwa sawa. Uliponipa ndipo nilipojua nilichokuwa nakitaka. Sikutoa pole siku ile, mwanangu. Niliomba samahani."

"Na Bi Mwanaidi alijua?"

"Alijua. Alinijibu kwa Kiswahili, polepole, wale wa kamera hawakuelewa." Akashika reli, akainuka. "Alisema, sikusamehe."