Nilipokuwa Refa wa Mlanguzi

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa filimbi. Nilipewa ufagio nifagie turubai la ulingo, na nilipomaliza Meneja akanisimamisha katikati, akanitega mguu, nikaanguka chali na kujiuma ulimi. Akasema nimeanguka kama gunia, na kwamba mtu asiyejua kuanguka hawezi kuwaamua wanaojua. Basi nilianguka hadi adhuhuri. Nikajifunza kukunja kidevu kifuani, kutoa pumzi kabla mgongo haujagusa chini, na kupiga turubai kwa viganja viwili ili mshindo uwafikie watazamaji na maumivu yabaki kidogo. Hiyo tuliiita kushuka. Mpiganaji wa mieleka ya maonyesho aliyejua kushuka alirudi nyumbani kwa miguu yake, na asiyejua alibebwa.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Katika duka la mjomba wangu hapa Babati mjini vilikuwa vimebaki mizani, kaunta na mjomba mwenyewe. Mimi nilikulia nyuma ya kaunta ile. Tangu darasa la tatu nilikuwa nikifungasha sukari, kilo na nusu kilo, na mkono wangu ulizoea kiasi kwamba mjomba aliacha kurudia kupima nilichofunga. Kisha sukari ikaadimika, sabuni ikafuata, mafuta ya taa nayo yakaenda zake, nikawa sina cha kufungasha. Ninyi vijana bando likiisha mnasema maisha magumu. Sisi tuliingia kwenye foleni kwanza, ndipo tukauliza mbele kunagawiwa nini.

Meneja alikuwa mstaafu wa jeshi, mkufunzi wa mazoezi ya viungo, na kikundi chake hakikuwa cha serikali wala cha kiwanda. Kilikuwa chake. Ulingo aliutengeneza kwa mikono yake: mbao chini, juu yake magodoro ya maganda ya mpunga kutoka Magugu, kisha turubai, na pembeni kamba za katani zilizozungushiwa khanga kuukuu zisichune ngozi. Jumamosi alasiri tulionyesha mjini. Jumapili, watu wakishatoka kanisani, tulikwenda Singe, Nakwa au Sigino, na petroli ilipokosekana ulingo ulisafiri kwa mkokoteni wa ng'ombe. Sijawahi kufanya kazi na mtu mkali kama yule, wala mwenye haki kama yeye.

Nilianza kama mfunga kamba, nikapanda kuwa mpiga kengele, na mwaka wa pili nikavishwa shati la refa. Watu hudhani kazi ya refa ni kuhesabu hadi tatu. Kazi yake hasa ni kubeba maneno. Mmoja akimbana mwenzake shingo, refa huinama kama anayekagua, kumbe anapeleka ujumbe: dakika mbili zimebaki, goti la mwenzio linauma, sasa mnyanyue. Kabla ya pambano refa hukagua kila kitu kinachopanda ulingoni, kuanzia misumari hadi vifaa vya wapiganaji. Kwa sababu hiyo Meneja alisema refa ndiye mlinzi wa watu wawili wanaojifanya maadui.

Maana walijifanya. Nani ashinde na nani ashindwe tulipanga Ijumaa. Lakini siri hiyo haikutoka nje ya kikundi. Wapiganaji maadui hawakuruhusiwa kuamkiana njiani wala kupanda mkokoteni mmoja. Meneja alituambia kwamba atakayeitoa siri atakuwa amembomolea ulingo, na hatamtazama tena usoni.

Maadui wetu wakubwa walikuwa wawili. Wa kwanza ni Daudi wa Singe, kijana mrefu mwenye sura ya kupendeza, ambaye ulingoni aliitwa Radi. Wa pili ni Tluway, mkulima wa Sigino, mpole, mwimbaji wa sauti ya nne katika kwaya ya Kilutheri. Huyo Meneja alimfanya Mlanguzi. Alimvisha kofia ya pama, akamfunga tumbo la matambara, akamtwika begani mfuko wa kitambaa ulioandikwa SUKARI kwa herufi kubwa. Ndani mlikuwa na mchanga wa ziwani. Tluway alipanda, akaukalia mfuko, akawatazama watu waliokunywa chai bila sukari asubuhi, kisha akalamba kidole taratibu.

Watu walipandwa na wazimu. Bibi mmoja wa Nakwa aliwahi kupita chini ya kamba akiwa na mwiko, na ilinibidi nimshike kiuno. Kisha Radi aliingia, akamnyanyua Mlanguzi juu ya kichwa na kumbwaga, na uwanja mzima ukamshangilia Radi. Lakini nusu ya kunyanyua hufanywa na anayenyanyuliwa, kwa kuwa ndiye anayeruka, na kubwagwa kote kulikuwa kazi ya Tluway. Nimeona wengi wakianguka tangu wakati ule. Hakuna aliyemfikia.

Na hasara yote ilikuwa yake. Sokoni wauzaji walifunika nyanya walipomwona. Alishukuru kwa adabu, akaenda zake, na baadaye mkewe, Mama Neema, akatumwa badala yake. Hata siku moja sikumsikia akijitetea kwamba yeye ni mtu mwema.

Mambo yaliharibika alipokuja mtu wa kikundi cha Arusha kutafuta wapiganaji. Sote tulijua atamtaka Radi, na Radi alijua zaidi yetu. Baada ya pambano yule mgeni alisema mbele yetu kwamba wanyanyuaji anao tele, anamtaka yule anayeanguka. Daudi alicheka pamoja nasi. Kuanzia Jumamosi iliyofuata akaanza kukaza, yaani kupiga kweli pale panapotakiwa kuigiza. Nikiinama, Tluway alininong'oneza nimwambie mwenzake aionee huruma shingo yake. Niliupeleka ujumbe, na jibu lilikuwa kwamba azoee. Nilipaswa kumwambia Meneja. Nilidhani watamalizana wenyewe, watu wazima.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Mama Neema alikuwa amejifungua mtoto wa pili siku nne tu kabla yake. Niliingia kwenye stoo tuliyobadilishia nguo nikamkuta Daudi peke yake akifunga kamba za viatu. Nikakagua vifaa kama kawaida, na nilipounyanyua mfuko wa Mlanguzi mkono wangu ukashtuka. Ukubwa ulikuwa uleule, lakini uzito ulikuwa karibu nusu tu. Nikaubonyeza kwa kidole, na sikuwa na shaka kwamba ni sukari.

Nitasema nilichokiwaza, ingawa kinanitia aibu. Niliwaza kwamba Tluway ana njia zake, kwamba anaigiza ulanguzi mbele za watu ili aufanye kweli nyuma yao. Nikazikumbuka rafu tupu za mjomba, nikakasirika. Nikaurudisha mfuko mahali pake na kunyamaza. Katika miaka yote ya kazi sikufanya kosa kubwa kuliko hilo.

Pambano halijafika dakika tano, Ofisa aliyeshughulikia walanguzi akapanda ulingoni na mgambo watatu. Watu walidhani ni sehemu ya onyesho, wakapiga vigelegele. Ofisa akaupasua mfuko kwa kisu na sukari ikamwagika juu ya turubai, nyeupe, na vigelegele vikakatika. Tluway hakumtazama Ofisa wala Radi. Alinitazama mimi. Mimi nikatazama kamba. Wakamchukua na tumbo lake la matambara, na zama zile mtu akichukuliwa kwa mfuko wa namna hiyo, familia haikujua atarudi lini.

Kesho yake asubuhi Mama Neema alikuja kwa Meneja na kichanga kifuani, akitembea kwa shida.

"Shikamoo, Meneja."

"Marahaba, mama. Kaa kwanza."

"Sikai. Mume wangu alikubali kuchukiwa na mji mzima kwa ajili yako. Sasa wewe utakubali nini kwa ajili yake?"

Hapo ndipo nilipofungua mdomo na kusema kwamba mfuko ulikuwa mwepesi, na kwamba Daudi alikuwa peke yake stoo. Nilitarajia kofi. Meneja akaninyanyua, tukaenda nyuma ya stoo, tukakuta rundo la mchanga wa ziwani limefunikwa na majani. Akalichota kwenye kitambaa.

Jumatatu tulikuwa mbele ya Ofisa. Alitusikiliza, akasema mchanga hauthibitishi kitu, na mtuhumiwa mwenyewe amekiri kwamba sukari ni yake. Tulishtuka. Meneja alinong'ona kwamba Tluway anailinda siri ya ulingo hata mahabusu, na macho yake yakalowa. Kisha akavua kofia.

"Afande, yule si mlanguzi. Yote ni maigizo. Mshindi tunampanga Ijumaa."

Ofisa alikataa katakata. Alisema yeye mwenyewe huja kila Jumamosi, ameona kwa macho yake Mlanguzi akivunjwa mgongo.

"Rajabu," Meneja akaniambia, "ninyanyue unibwage."

Alikuwa na zaidi ya miaka hamsini, na sakafu ilikuwa ya saruji. Nilimnyanyua, naye akaruka kidogo kunisaidia, nikambwaga. Mshindo ulimleta karani mbio kutoka chumba cha pili. Meneja aliinuka, akajipangusa suruali na kupiga saluti. Mtu aliyeilinda siri ile kuliko nyumba yake aliitoa mbele ya macho yetu, na sijawahi kumheshimu binadamu kama nilivyomheshimu dakika ile.

Ofisa akauliza, kama mfuko siku zote ni mchanga, aliyemletea taarifa alijuaje kwamba Jumamosi ile kuna sukari. Hakungoja tumjibu. Daudi aliitwa, na alikiri hata kabla hajaketi: sukari aliipata kwa ndugu yake, mchanga aliumwaga yeye. Tluway aliachiwa alasiri. Alipoulizwa anataka Daudi afanywe nini, aliomba asishtakiwe, kwa kuwa mama yake Daudi hana mwingine wa kumlimia. Daudi akahama mji. Tluway akakataa kwenda Arusha.

Karani, bila shaka, alisimulia. Jumamosi iliyofuata tulipanda ulingoni mji mzima ukijua. Watu wakaja wengi kuliko kawaida na wakamzomea Mlanguzi kama zamani, ila sasa alipokwenda sokoni aliuziwa nyanya na kuongezewa moja. Tuliendelea miaka mingine kadhaa, hadi bidhaa ziliporudi madukani na watu wakakosa sababu ya kumchukia. Kikundi kikafa polepole. Meneja naye alifariki, na mimi nikarudi nyuma ya kaunta hadi nilipostaafu.

Nilipostaafu nilikwenda Sigino kumwona Tluway. Miaka yote hiyo nilikuwa nikimsifu kwa watu kwamba alikubali kufungwa ili kulinda siri ya ulingo, lakini kosa langu sikuwahi kumwambia yeye. Siku hiyo nilimwambia. Nilisema nilijua mfuko una sukari, nikamdhania vibaya, nikanyamaza.

Alitikisa kichwa, akasema hata yeye alijua, maana ndiye aliyeubeba. Nikamuuliza kwa nini basi alipanda nao, na kwa nini alikiri ni wake.

"Mama Neema alikuwa ametoka kujifungua, na uji haukuwa na kitu," alisema. "Ninyi ndio mliokuwa na duka. Nilidhani ni wewe umeniwekea kimyakimya. Nilipanda ulingoni nikiwaza nitakushukuru namna gani. Walipoupasua mfuko, nikaogopa watakukamata na wewe."